Imamu Aliyefungwa Ulimi

Sisi tuliokulia barazani baina ya magharibi na isha, jina la Imamu Ghazali si geni kwetu. Mimi nililisikia tangu nikisoma chuoni, lakini maisha yake sikuyazingatia mpaka ulimi wangu mwenyewe uliponitia hasarani.

Abu Hamid Muhammad Al-Ghazali alizaliwa Tus, katika Khurasani ya Uajemi, mwaka 1058. Yasimuliwa kuwa baba yake alikuwa msokota sufu, mtu maskini, na alipohisi mauti yamekaribia aliwaacha wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, mikononi mwa rafiki yake. Akiba ilipokwisha, rafiki huyo aliwashauri waingie madrasa, wapate elimu pamoja na chakula.

Kijana akainukia kuwa hodari wa hoja. Alisoma Nishapur kwa Imamul Haramain Al-Juwayni, aliyefariki mwaka 1085. Mwaka 1091 waziri Nidhamul Mulk alimpa kiti cha kufundisha katika Nidhamiya ya Baghdad. Umri wake miaka 33, wanafunzi wake 300. Katika munadhara wa wanavyuoni, kumwangusha Ghazali halikuwa jambo jepesi.

Hapo ndipo alipoihoji nia yake. Akaona kuwa asomeshalo halikuwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu tu, bali lilitafuta cheo na sifa. Mwaka 1095, kwa muda wa miezi sita hivi, alivutwa huku na huku, kisha ulimi ukafunga. Alitaka kusomesha, neno lisitoke. Chakula hakikumeza vizuri. Matabibu wakakata tamaa, wakisema maradhi yameanzia moyoni.

Akaigawa mali yake, akabakisha ya kuwatosha watoto, akatoka Baghdad. Damascus alipanda mnara wa msikiti na kujifungia humo mchana kutwa. Akenda Baitul Muqaddas, kisha Hijja. Na kwenye kaburi la Nabii Ibrahimu, katika mji wa Al-Khalil, aliahidi mambo matatu: asiende kwa mfalme, asipokee mali ya mfalme, wala asibishane tena na mtu.

Msomaji, lizingatie hilo la tatu. Bingwa wa mabishano ayaacha mabishano!

Matunda ya safari hiyo ni Ihyaa Ulumid-Din, kitabu chenye sehemu arobaini. Sehemu moja yahesabu maafa ishirini ya ulimi: upuuzi, ubishi, dhihaka, kusengenya, fitina na mengineyo. Nyingine yaeleza haki za udugu, na ulimi umetajwa humo mara mbili: kunyamaza juu ya aibu za mwenzio, na kusema lile litakalomfurahisha.

Mwaka 1106 alirudi kusomesha Nishapur, baada ya kusihiwa na wakubwa. Baadaye akarejea Tus, na huko akafariki mwaka 1111. Umri wake ulikuwa kama wangu wa leo.

Nami nina kisa changu. Zamani nililumbana kwa mashairi na rafiki niliyesoma naye chuo kimoja. Tulianza na lugha, tukaishia kwenye nasaba. Ubeti wangu wa mwisho uliwachekesha watu mji mzima, nami nikahesabiwa mshindi. Tangu siku hiyo hatukuamkiana, hata tulipopanga safu moja msikitini. Ushindi gani huo?

Nilipomaliza kuisoma sehemu ile ya ulimi, nilikwenda kwake kumtaka radhi. Nilikuwa nimejitungia maneno mazuri njiani. Nilipoketi nikayaacha, nikamsikiliza yeye. Alisema mengi, na mengine yaliniuma kwa kuwa yalikuwa kweli. Sikumjibu hata moja. Adhana ya laasiri ilipolia, alinitilia maji ya kutawadha, tukaongozana.

Waungwana, ulimi hauna mfupa. Tusingoje mpaka ufungwe ndipo tujifunze kunyamaza.