Lumumba na zile sauti 74

Wengi wetu tunafikiri ya kama Patrice Lumumba alichaguliwa na raia wote kuwa Waziri wa Kwanza. Hapana, haikuwa vile.

Alizaliwa Onalua, katika Kasai, mwaka wa 1925, akawa karani wa posta kule Stanleyville (leo Kisangani). Mwezi wa Mai 1960 watu walipigia kura listi za vyama, tena wanaume tu. Akina mama hawakuitwa. Chama chake, MNC, kikapata viti 33 juu ya 137. Kiliwapita wote, lakini nusu ilikuwa mbali! Ilimpasa kubembeleza vyama vingine na kuwagawia uwaziri. Hata CEREA ya hapa kwetu Kivu ilipata: Anicet Kashamura akapewa Habari. Kasavubu alijaribu kuunda serikali mbele yake, akashindwa. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Juni bunge likamkubali Lumumba kwa sauti 74. Zilihitajika 69, basi hesabuni wenyewe.

Tarehe 5 Septemba Raisi Kasavubu akamfukuza. Wabunge wakapiga kura, wakakataa. Haikusaidia kitu: tarehe 14 Kanali Mobutu akashika mamlaka, bunge likafungwa. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, miaka 35 tu.