Maisha ya Mohamed Amin ni funzo kwetu walimu

Katika sebule ya nyumba niliyolelewa, mtaani Jericho, Eastlands, ilitundikwa picha moja tu ya familia nzima. Baba ameketi, mama amesimama kando yake, nasi watoto tumepangwa mbele kwa kimo, tumevalia nguo mpya za Krismasi. Aliyeipiga alikuwa jirani yetu. Siku za wiki alikuwa karani katika kiwanda kimoja cha Industrial Area. Jumamosi na Jumapili alizunguka Jericho, Bahati na Makongeni, kamera shingoni, akipiga picha za arusi, za ubatizo na za watoto wachanga. Kwa miaka mingi aliyoifanya shughuli hiyo, sikumsikia mtu hata mmoja akiiita kazi. Kwetu sisi alikuwa karani mwenye kamera.

Jirani huyo amenirudia akilini kwa sababu ya mwanafunzi aliyenijia ofisini muhula uliopita. Kijana huyu naye ni mzaliwa wa Eastlands, na mwishoni mwa juma hupiga picha za familia ili ajilipie karo. Alitaka kujua maoni yangu: je, akimaliza shahada yake aifanye kamera kuwa kazi yake ya kudumu? Nilimjibu upesi, kama ambavyo walimu wengi wangemjibu. Nilimshauri atafute ajira kwanza, kamera iwe ya ziada. Alinishukuru kwa adabu, akaondoka. Alipokwisha kufunga mlango ndipo nilipomkumbuka mtu mmoja aliyezaliwa mwendo wa miguu kutoka Jericho, ambaye ushauri kama wangu ungeinyima dunia kitu kikubwa.

Mtu huyo ni Mohamed Amin. Alizaliwa Eastleigh, Nairobi, mwaka wa 1943, mtoto wa mfanyakazi wa reli mwenye asili ya Punjabi. Angali mdogo, familia yake ilihamia Dar es Salaam. Huko, akiwa mvulana wa shule, alipata kamera aina ya Box Brownie, kisanduku sahili ambacho watu wa kawaida walikitumia kupigia picha za nyumbani. Hakuwa na chombo cha kitaalamu, wala hapakuwa na chuo cha fani hiyo karibu naye. Alijifunza kwa kupiga, kusafisha na kukosea.

Mwaka wa 1963, akiwa na umri wa miaka 20, alianzisha kampuni aliyoiita Camerapix. Tuutafakari umri huo, sisi tunaofundisha. Ni umri wa wanafunzi wetu wa mwaka wa pili. Wakati vijana wenzake wakisaka kazi za ofisini ambazo uhuru ulikuwa unazifungulia milango, yeye aliamua kwamba jicho lake ndilo litakalomlisha.

Haukupita muda kabla uamuzi huo haujajaribiwa. Mapinduzi ya Zanzibar yalipotokea Januari 1964, alivuka bahari kwenda kuyapiga picha. Mwaka wa 1966 alikamatwa huko huko Zanzibar, akafungwa gerezani kwa karibu mwezi mzima na kuteswa. Alipoachiliwa alirejea Nairobi, na Camerapix ikahamia huku pamoja naye. Mtu mwingine angalisema yatosha, akaomba kazi ya karani. Yeye alinunua filamu nyingine.

Tarehe 5 Julai 1969, Tom Mboya, waziri aliyekuwa na umri wa miaka 38, alipopigwa risasi katikati ya jiji la Nairobi, Amin alifika mapema akazinasa dakika za mwisho za mkasa huo. Picha hizo zilimpatia tuzo nchini Uingereza. Mwaka wa 1971 alikuwa Uganda, Idi Amin alipotwaa mamlaka. Siri yake haikuwa bahati. Katika tukio moja alibeba kamera ya picha za kawaida na kamera ya filamu, akatumia zote mbili, ili kazi ya siku moja iuzwe kwa magazeti na kwa televisheni. Juu ya hayo alitoa vitabu, kikiwemo cha hija ya Makka mwaka wa 1978 na kingine cha jamii za Ziwa Turkana mwaka wa 1981. Msanii asiyejua hesabu za biashara yake hadumu, na hilo Amin alilifahamu mapema.

Kazi iliyomtambulisha kwa walimwengu ilikuja Oktoba 1984. Pamoja na mtangazaji Michael Buerk wa BBC, alifika Korem na Mekelle, kaskazini mwa Ethiopia, ambako ukame na vita viliungana kuwaua watu kwa njaa. Taarifa yao ilionyeshwa tarehe 23 Oktoba, kisha ikarudiwa na vituo zaidi ya 400 duniani. Wanamuziki wa Uingereza wakaungana chini ya jina la Band Aid, wa Marekani wakafuata, na tarehe 13 Julai 1985 yakafanyika matamasha ya Live Aid mjini London na Philadelphia. Wapo wanaolalamika, wala si bila sababu, kwamba picha za namna ile ziliifanya Afrika ionekane kuwa bara la kuombewa chakula tu. Mjadala huo ni halali. Hata hivyo, serikali ya Ethiopia ya wakati ule ilipenda njaa ile isitangazwe, na aliyeifanya isifichike tena alikuwa mwana wa Eastleigh.

Nisije nikaonekana napamba. Njia hii ilimgharimu. Juni 1991, ghala la silaha lililipuka mjini Addis Ababa wakati alipokuwa akipiga picha. John Mathai, mwenzake aliyenasa sauti, alifariki papo hapo. Amin alipoteza mkono wa kushoto. Baada ya miezi michache alirudi kazini akiwa na mkono wa bandia. Nyumbani nako palikuwa na deni lake. Mwanawe, Salim, ambaye naye alishika kamera, alitengeneza filamu kuhusu baba yake, ikatoka mwaka wa 2006, na ndani yake tunamwona baba ambaye dunia ilimpata zaidi kuliko watoto wake. Aliyeweka kumbukumbu za familia za wengine mara nyingi hakuwepo katika picha za familia yake mwenyewe.

Tarehe 23 Novemba 1996 alipanda ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia kutoka Addis Ababa kuja Nairobi. Ndege ilitekwa nyara, ikaishiwa mafuta, ikaanguka baharini karibu na ufuo wa Ngazija, Visiwa vya Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwemo, 125 walifariki, Amin akiwa mmoja wao, pamoja na mwandishi Brian Tetley aliyeshirikiana naye katika vitabu vingi. Nilikuwa mwanafunzi wa shule ya upili wakati huo, na ningali naiona ile ndege ikigusa maji na kukatika vipande. Picha zile hazikupigwa na mwandishi wa habari. Zilipigwa na wageni waliokuwa fungate ufuoni, kwa kamera yao ya nyumbani. Kamera ya familia ndiyo iliyomfungulia Amin njia utotoni, na kamera ya familia ndiyo iliyoshuhudia mwisho wake.

Mimi ni mtu wa isimu, na nimejiuliza iwapo lugha yetu haituponzi katika jambo hili. Kitenzi kupiga mara nyingi hubeba maana ya tendo la kufumba na kufumbua: kupiga chafya, kupiga teke, kupiga kofi. Tukisikia kwamba fulani hupiga picha, tunasikia kidole kikibonyeza. Hatusikii miaka ya kujifunza mwanga, saa za kungoja, wala hesabu za karatasi na dawa za kusafishia. Mwalimu, mkulima na seremala tunawapa heshima ya kuwa na kazi. Mpiga picha tunamwona kama mtu aliyefanya tendo, akamaliza, akaenda zake.

Leo mtaala wa umilisi umeweka sanaa na michezo kuwa mkondo kamili katika sekondari pevu, sawa na sayansi na masomo ya jamii. Hiyo ni hatua njema, lakini mtaala haumshauri mtoto anayegonga mlango wa mwalimu saa kumi jioni. Anayemshauri ni sisi. Tukiendelea kuamini kwamba sanaa ni ya waliokosa alama, mkondo huo utakuwa jaa la kutupia tuliowakatia tamaa.

Simwambii kila kijana aache masomo akanunue kamera. Kwa kila Mohamed Amin wapo wengi waliojaribu wakashindwa, na kodi ya nyumba haisubiri kipaji. Lakini kuna swali tunalopaswa kuuliza kabla ya kutoa ushauri, nami sikuliuliza. Kijana yule aliketi mbele yangu karibu nusu saa. Nilimuuliza kuhusu alama zake, kuhusu mshahara, kuhusu wazazi wake. Sikumwomba anionyeshe hata picha moja.

Nimempelekea ujumbe arudi, aje nazo.