Sewa Haji: Tajiri wa misafara aliyehamishia mali kwenye nyumba

Kabla ya reli ya TAZARA kupita Kisaki katika miaka ya 1970, na kabla ya lori la kwanza, kitambaa alichovaa mkazi wa bonde la Mgeta kilifika kwa bega la mtu. Kilishushwa Unguja, kikavushwa hadi Bagamoyo, kisha mpagazi akakibeba kufuata mto Kingani, ambao leo tunauita Ruvu, mpaka Zungomero, kituo kikubwa cha misafara katika nchi ya Ukutu, jirani na Kisaki ya sasa. Wazungu Burton na Speke walipofika hapo mwaka 1857 walikuta misafara ikipumzika na kujaza chakula kabla ya kupanda kuelekea Usagara.

Kitambaa kile mara nyingi hakikuwa mali ya mpagazi, wala ya kiongozi wa msafara. Kilikuwa mali kauli. Mwenyewe alibaki pwani akisubiri kulipwa kwa pembe za ndovu, na angeweza kusubiri mwaka mmoja, miwili au zaidi.

Miongoni mwa wenye mali hao, hakuna aliyejulikana Bagamoyo kuliko Sewa Haji Paroo. Alizaliwa mwaka 1851 katika ukoo wa Makhoja wa Ismailia wenye asili ya Kutch, India. Baba yake, Haji Kanji, alikuwa na duka Unguja na tawi Bagamoyo. Kijana aliingia katika biashara hiyo akiwa na umri wa miaka kama 18.

Jambo la kwanza la kuangalia ni kile alichochagua kuuza. Faida kubwa ilisemekana iko bara, kwenye pembe, na watu kama Tippu Tip waliifuata huko kwa mikopo ya matajiri wa Unguja kama Taria Topan. Sewa Haji alibaki Bagamoyo akiwauzia wanaokwenda: merikani, kaniki, shanga, nyaya za shaba, baruti. Zaidi ya hayo aliwatafutia kitu kilichokuwa adimu kuliko vyote, yaani wapagazi.

Tufanye hesabu kidogo. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, takriban kilo 32. Msafara wa wapagazi 100 ulibeba basi tani tatu na kidogo, mzigo wa Canter moja. Kwa mzigo huo watu 100 walilipwa, walikula kila siku, na njiani kila mtawala alidai hongo. Mtaji uliliwa kabla haujazaa. Kwa hiyo aliyeuza vifaa na kukusanya wapagazi alipata chake siku msafara unapoondoka, wakati aliyekwenda bara alikuwa bado hajui kama atarudi.

Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alilijua hilo mwaka 1871, alipokuwa akijiandaa kumtafuta Livingstone. Alikaa Bagamoyo wiki kadhaa akingoja wapagazi, na katika kitabu chake alimlalamikia kijana huyo wa Kihindi, wakati huo wa miaka 20 hivi, kwamba alikuwa akimpandishia bei ya vitambaa vya kuwalipa wapagazi na kumzungusha. Huenda malalamiko yalikuwa ya haki. Lakini Stanley aliwachukua wapagazi wake na kuondoka Machi mwaka huo, kwa sababu yeyote mwenye haraka kuliko muuzaji hulipa bei ya muuzaji. Mkulima wa ufuta anayeuza zao likiwa bado shambani kwa sababu ya ada ya shule anaielewa nafasi ya Stanley vizuri.

Mali kauli nayo ilikuwa na bei yake. Anayekopa bidhaa alitozwa zaidi ya anayelipa taslimu, kwa kuwa tajiri aliweka ndani ya bei hiyo hasara ya wale ambao wangekufa njiani, kunyang'anywa au kutoroka. Wenye duka la vijijini wanaokopesha sukari na sabuni kwa bei ileile ya fedha mkononi, halafu wakashangaa rafu zinabaki tupu, wangejifunza kitu hapo.

Utajiri huo haukuwa safi wote, na haifai kuufagilia. Pembe zilikuwa ndovu waliouawa, na njia zilezile zilipitisha watumwa. Burton aliandika jinsi Wakutu walivyoporwa chakula na watu na wapita njia, hata wengine wakahama vijiji vyao. Gharama hiyo ilibebwa na mkulima wa Ukutu, na haikuandikwa katika daftari la duka lolote la pwani.

Kisha mambo yakabadilika. Mwaka 1888 vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani viliikumba pwani na misafara ikasimama. Mwaka 1891 Dar es Salaam ikawa makao makuu ya utawala badala ya Bagamoyo. Sewa Haji aliendelea na biashara na hata kuwahudumia watawala wapya, lakini hakuacha mali yake yote katika nguo zilizo safarini. Alimiliki majengo na ardhi Bagamoyo na pia Dar es Salaam, mji ambao ndio kwanza ulikuwa unakua. Pango la nyumba ni dogo ukililinganisha na faida ya msafara uliorudi salama. Hata hivyo huja kila mwezi, na haliugui ndui njiani.

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, na Bagamoyo ya wapagazi ikazimika. Sewa Haji hakuyaona hayo. Alifariki Februari 1897, akiwa na miaka 46.

Hapo ndipo linapokuja jambo ambalo matajiri wengi wa wakati wake, na wa sasa, huliahirisha. Alikwisha toa jengo la ghorofa Bagamoyo liwe shule ya watoto wa rangi na dini zote. Mwaka 1896, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, alimwandikia Gavana Wissmann wosia: majengo na ardhi yake ya Bagamoyo na Dar es Salaam yawe chini ya serikali, na mapato yake yahudumie wagonjwa na wenye ukoma waliotunzwa na misheni ya Kikatoliki Bagamoyo.

Allidina Visram, aliyeanza kazi kwake akiwa kijana mdogo, alijenga biashara kubwa zaidi, maduka yakiifuata reli ya Uganda na viwanda vya kuchambua pamba. Alifariki mwaka 1916. Mwanawe Abdulrasul, aliyeirithi, alifariki mwaka 1923, na haikupita muda mrefu biashara hiyo ikasambaratika.

Fedha za Sewa Haji zilisaidia kujenga hospitali Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1897 kwa jina lake. Katika miaka ya 1950 ikawa Hospitali ya Princess Margaret, na baada ya Uhuru ikaitwa Muhimbili. Jina la Sewahaji lilibaki kwenye jengo la wodi, na wagonjwa wengi waliopewa rufaa kutoka Morogoro wamelazwa humo.