George Pullman: Tajiri wa mabehewa ya fahari aliyezikwa chini ya zege na reli

JENEZA la George Mortimer Pullman liliposhushwa kaburini katika makaburi ya Graceland, jijini Chicago, mnamo Oktoba 1897, halikufukiwa kwa udongo kama ilivyo ada. Jeneza hilo, lililokuwa na utando wa madini ya risasi, lilizungushiwa zege. Juu yake vikalazwa vyuma vya reli, kisha saruji ikamwagwa tena.

Familia yake ilichelea kwamba wafanyakazi waliojaa uchungu wangeufukua mwili wake.

Huyo ndiye mtu ambaye jina lake lilikuwa limekuwa jina jingine la starehe safarini. Nchini Marekani, aliyesafiri kwa behewa la Pullman hakuhitaji kueleza zaidi. Ilijulikana kwamba alilala kwenye shuka safi, akaamka viatu vyake vikimetameta.

Hivi leo mabehewa ya kampuni yake yanatunzwa katika makavazi ya reli kama mboni ya jicho. Hata hivyo, kila mafundi wanapolikarabati mojawapo, hukabiliwa na swali ambalo mwenyewe aliliacha bila jibu: kinachohifadhiwa ni fahari ya abiria pekee, au pia jasho la waliowahudumia?

Pullman alizaliwa Machi 3, 1831 katika kijiji cha Brocton, jimbo la New York, akiwa mmoja wa watoto 10 wa fundi seremala. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 14. Baadaye alijiunga na babake mjini Albion katika kazi ya kuhamisha nyumba zilizosimama kando ya mfereji wa Erie, ambao wakati huo ulikuwa ukipanuliwa.

Baba alipofariki mnamo 1853, kijana huyo alirithi kazi pamoja na mzigo wa kuitunza familia.

Ujuzi huo ndio uliompeleka Chicago mwishoni mwa miaka ya 1850. Mji huo ulikuwa umejengwa kwenye ardhi ya chini yenye matope, na wakuu wake walikuwa wameamua kuinua barabara na majengo. Pullman na washirika wake waliyainua majumba ya matofali kwa jeki nyingi zilizozungushwa kwa pamoja, kidogo kidogo.

Lakini macho yake yalikuwa kwenye reli. Wakati huo msafiri wa usiku alijilaza juu ya ubao mgumu akiwa na nguo zake za mchana, moshi na vumbi vikimwingia puani.

Pullman alikubaliana na kampuni ya reli ya Chicago and Alton kuyageuza mabehewa yake mawili ya kawaida kuwa ya kulala. Vitanda vya juu viliinuliwa hadi darini wakati wa mchana kwa kamba na kapi, na usiku vikashushwa. Mnamo Septemba 1, 1859, safari ya kwanza ilifanyika kutoka Bloomington hadi Chicago. Inasimuliwa kwamba baadhi ya abiria walilazimika kuombwa wavue mabuti kabla ya kupanda kitandani.

Baada ya kwenda kutafuta mali katika machimbo ya dhahabu ya Colorado, alirejea na kuunda behewa aliloliita Pioneer, lililokamilika mnamo 1865. Liligharimu zaidi ya dola 20,000, kiasi ambacho kingetosha kununua mabehewa kadhaa ya kawaida. Lilikuwa na mazulia, mbao za thamani zilizonakshiwa na taa za kupendeza. Pia lilikuwa pana na refu kuliko mengine, kiasi kwamba halikuweza kupita katika stesheni nyingi.

Hapa ndipo historia na hadithi zilipochanganyika. Rais Abraham Lincoln aliuawa Aprili mwaka huo, na mwili wake ukasafirishwa kwa garimoshi hadi Springfield, Illinois. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba Pioneer liliunganishwa kwenye msafara huo, na kwamba kingo za stesheni zilikatwa usiku kucha ili lipite. Simulizi hiyo iliijengea kampuni jina kubwa.

Watafiti wa historia ya reli waliochunguza kumbukumbu za wakati huo wameitilia shaka simulizi hiyo. Behewa lenyewe halipo tena ili litoe ushahidi, kwani lilivunjwa na kuuzwa kama chuma chakavu.

Behewa lililoubeba mwili wa Lincoln pia halikusalia. Liliteketea mnamo 1911 karibu na Minneapolis, moto uliokuwa ukichoma nyasi ulipolifikia. Wapenzi wa reli walipounda mfano wake kwa ajili ya maadhimisho ya miaka 150 mnamo 2015, hawakujua kwa hakika rangi yake ya asili, kwa sababu picha za wakati huo hazikuwa za rangi. Kipande cha fremu ya dirisha kilichookolewa kutoka kwa behewa hilo ndicho kilichotoa jibu. Chembe za rangi zilizokuwa juu yake zilichunguzwa kwa darubini, ikabainika kuwa behewa lilikuwa la rangi nyekundu iliyokoza, inayokaribia zambarau.

Kisa hicho kinaonyesha kwa nini wahifadhi huthamini kibanzi kimoja cha asili. Mfano mpya unaweza kupendeza kuliko behewa la kale, lakini hauwezi kuulizwa swali jipya ukajibu. Ubao wa asili hubeba tabaka za rangi, matundu ya misumari na alama za mikono, ushahidi usioweza kutengenezwa upya.

Mnamo 1867 Pullman alianzisha kampuni ya Pullman Palace Car. Mwaka uliofuata alizindua behewa la maakuli lililoitwa Delmonico. Hakuwa na desturi ya kuyauza mabehewa yake kisha kuyasahau. Aliyakodisha kwa kampuni za reli, akaweka wahudumu wake mwenyewe na kudai nauli ya ziada.

Wahudumu hao walikuwa wanaume weusi, wengi wa wale wa mwanzo wakiwa wametoka utumwani punde tu. Kazi hiyo iliwapa heshima mitaani kwao na kuwafikisha miji ya mbali. Hata hivyo, ujira ulikuwa duni mno na walitegemea bakshishi. Waling'arisha viatu vya abiria usiku kwa rangi waliyoinunua wenyewe. Abiria wengi waliwaita wote kwa jina moja, George, kama vile watumwa walivyoitwa kwa jina la bwana wao.

Kuanzia 1880, Pullman alijenga mji kusini mwa Chicago na kuupa jina lake. Ulikuwa na nyumba za matofali, maktaba, soko na hoteli iliyoitwa Florence, jina la bintiye. Lakini mfanyakazi hakuruhusiwa kununua nyumba aliyoishi. Kampuni ndiyo iliyomlipa mshahara, na ndiyo iliyomdai kodi.

Mfumo huo ulibomoka baada ya uchumi wa Marekani kuporomoka mnamo 1893. Pullman alikata mishahara kwa takriban robo, lakini hakupunguza kodi hata senti moja. Mei 11, 1894 wafanyakazi waligoma. Chama cha wafanyakazi wa reli kilichoongozwa na Eugene Debs kiliwaunga mkono kwa kukataa kuhudumia treni zenye mabehewa ya Pullman, na usafiri ukakwama katika sehemu kubwa ya nchi.

Rais Grover Cleveland alituma wanajeshi, damu ikamwagika, Debs akafungwa jela. Mgomo ulizimwa, lakini jina la Pullman halikusafika tena. Alifariki kwa maradhi ya moyo Oktoba 19, 1897, akiwa na umri wa miaka 66. Mwaka uliofuata, mahakama ya juu ya Illinois iliamuru kampuni iuze nyumba za mji huo. Aliyeshika usukani wa kampuni baada yake alikuwa Robert Todd Lincoln, mwana wa rais yule aliyehusishwa na simulizi ya Pioneer.

Nao wahudumu walisubiri muda mrefu zaidi. Waliunda chama chao mnamo 1925 chini ya A. Philip Randolph, na hadi 1937 ndipo kampuni ilipotia saini mkataba nao. Huduma ya mabehewa ya kulala ya kampuni hiyo ilikoma mwishoni mwa 1968.

Mabehewa ya mbao ya enzi za Pullman mwenyewe ni adimu siku hizi. Mbao zilioza, nyingine zikachomwa ili vyuma viuzwe. Mengi yanayoonekana katika makavazi ni ya chuma, yaliyoundwa baada ya kifo chake. Hayo nayo yana matatizo yake. Kutu hula chuma kutoka ndani, rangi za kale zina risasi na mabomba yalifunikwa kwa asbestosi, ambayo ni hatari kwa mapafu. Fundi hulazimika kuondoa kitu cha asili ili mgeni asidhurike.

Kwa sababu hiyo wahifadhi wamejiwekea miiko. Mkataba wa Venice wa 1964 kuhusu majengo ya kale unataka sehemu mpya ioane na ya zamani, lakini iweze kutambulika ili isighushi ushahidi. Mnamo 2005, wahifadhi wa reli za kihistoria barani Ulaya walikubaliana kuhusu mwongozo wa aina hiyo jijini Riga. Behewa lenye mbao mpya si la uongo mradi kilichobadilishwa kimewekwa kwenye kumbukumbu. Uongo huanza pale kipya kinapopitishwa kwa jina la cha kale.

Kuna jambo jingine zito zaidi, nalo ni mwaka gani uchaguliwe. Makavazi ya taifa ya historia na utamaduni wa Wamarekani weusi, jijini Washington, yana behewa nambari 1200 lililoundwa na kampuni ya Pullman mnamo 1922. Mnamo 1940 kampuni ya reli ya Southern ililigawa kwa ukuta, weupe upande wao, weusi upande wao. Upande wa weusi una vyoo vidogo na hauna rafu za mizigo.

Kulirejesha katika umbo lake la kwanza kungekuwa sawa na kuuondoa ukuta huo, na pamoja nao aibu uliyoibeba. Wahifadhi walichagua kuuacha ukuta. Behewa liliteremshwa kwa winchi mnamo 2013, jengo likajengwa kulizunguka, na wageni wakaanza kuingia mnamo 2016.

Suala hili si geni hapa nyumbani. Makavazi ya Reli jijini Nairobi, yaliyofunguliwa mnamo 1971, yanahifadhi behewa ambamo mkuu wa polisi wa reli, Charles Henry Ryall, alishambuliwa na simba huko Kima mnamo Juni 1900. Ryall na Wazungu wawili aliokuwa nao wanajulikana kwa majina. Wahudumu waliokuwa katika chumba cha pili, wakiushikilia mlango kwa hofu, hawatajwi kwa majina katika simulizi iliyoenea. Hao nao wangaliweza kuitwa George.

Mji wa Pullman wenyewe umepitia mtihani huo. Jengo la utawala la kiwanda, lenye mnara wa saa, liliteketezwa mnamo 1998, likakarabatiwa na kufunguliwa kwa wageni mnamo 2021. Rais Barack Obama alikuwa ameutangaza mji huo kuwa eneo la ukumbusho wa kitaifa mnamo 2015. Kinachokumbukwa hapo si tajiri peke yake. Waliogoma na wahudumu weusi wamepewa nafasi kando yake.

Pullman alijua kung'arisha mbao hadi msafiri akajiona usoni kama kwenye kioo. Anayeyatunza mabehewa hayo leo ana kazi ngumu zaidi. Hana budi kuacha mikwaruzo ionekane, ili mgeni anapoketi kwenye kiti cha mahameli akumbuke pia yule aliyekesha akimng'arishia mwenzake viatu.