Clara Schumann (1819–1896): Mwalimu wa Piano na Bibi wa Wajukuu

Katika sharika za Kilutheri za Kaskazini mwa Tanzania jina la Leipzig halihitaji maelezo marefu, maana ndiko walikotoka wamisionari waliofika Machame mwaka 1893. Katika mji huo alizaliwa Clara Wieck, tarehe 13 Septemba 1819. Wamisionari walipokuwa wakianza kazi Machame, yeye alikuwa mjane mzee huko Frankfurt, akiwa na mzigo wa wajukuu. Waliofika Ujerumani kabla ya fedha ya yuro watakumbuka sura yake kwenye noti ya mark 100.

Baba yake, Friedrich Wieck, alikuwa mfanyabiashara wa piano na mwalimu mkali. Wazazi waliachana Clara akiwa mdogo, naye akarudishwa kwa baba. Alichelewa kusema hata akadhaniwa kuwa kiziwi. Lakini alipokuwa na umri wa miaka tisa alikwisha kupiga piano mbele ya hadhara katika ukumbi wa Gewandhaus. Alipotaka kuolewa na Robert Schumann, mtunzi wa muziki, baba alikataa katakata, na shauri likafika mahakamani. Ndoa ilifungwa tarehe 12 Septemba 1840, siku moja kabla Clara hajatimiza miaka 21.

Walijaliwa watoto wanane, mmoja akafariki angali mchanga. Machi 1854 Robert alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Endenich, Clara akiwa mjamzito. Kwa zaidi ya miaka miwili hakuruhusiwa kumwona mumewe, hadi siku mbili kabla ya kifo chake, tarehe 29 Julai 1856. Tangu hapo chakula cha nyumba kilitoka katika vidole vya mama. Alisafiri nchi nyingi za Ulaya akipiga piano. Watoto walilelewa katika shule za bweni na nyumba za watu wengine, nao walimfahamu mama yao kwa barua zaidi kuliko kwa uso.

Mwaka 1878 alianza kufundisha katika Chuo cha Muziki cha Hoch, Frankfurt, akisaidiwa na binti zake Marie na Eugenie. Hakupenda wanafunzi wagonge piano kwa nguvu. Aliwataka vidole vikae karibu na vibao, sauti iimbe, na kila alama aliyoiandika mtunzi iheshimiwe. Wanafunzi walimjia hata kutoka Uingereza, miongoni mwao Fanny Davies na Leonard Borwick.

Nyumbani misiba haikukoma. Julie alifariki mwaka 1872, Felix mwaka 1879, na Ludwig alikuwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili tangu mwaka 1870. Ferdinand alirudi kutoka vita vya 1870–71 na maradhi ya viungo, akawa mtumwa wa mofini iliyotuliza maumivu yake. Alifariki mwaka 1891. Clara, aliyekwisha kuvuka miaka 70 na kuanza kupoteza usikivu, alibeba matunzo na masomo ya watoto wa mwanawe huyo. Mjukuu wake Ferdinand, aliyeitwa jina la baba yake, aliishi katika nyumba ya bibi. Safari hii hapakuwa na treni ya kuwahi.

Alifariki tarehe 20 Mei 1896, akazikwa Bonn kando ya mumewe. Siku chache kabla ya hapo alimwomba kijana huyo ampigie piano, naye akampigia tungo za babu yake.