Mwami M'siri wa Bunkeya

Ndugu wakimbizi wenzetu, nanyi wafanyakazi wa mashirika mnaotuhudumia, katika toleo hili la kumbukumbu tumechagua kusimulia maisha ya M'siri. Hapa kambini jina lake halitajwi bila ubishi. Wengine wetu ni wajukuu wa Bayeke wake, wengine ni wajukuu wa Basanga aliowatawala kwa bunduki, na sisi walimu tunawafundisha watoto wa pande zote mbili katika darasa moja.

Alizaliwa mnamo mwaka 1830 huko Usumbwa, katika Tanzania ya leo, akaitwa Ngelengwa. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara wa shaba aliyesafiri na misafara mpaka Katanga. Kijana alifuata njia hiyo hiyo. Alipitia kwa Mwata Kazembe, upande huu wa Luapula uliotupokea sisi pia, akaomba ruhusa ya kwenda mbele, akapewa.

Kwa hiyo alifika Katanga akiwa mgeni. Wenyeji walimkubali kwa sababu watu wake walikuwa na bunduki, wakawasaidia kuwafukuza Baluba waliowashambulia. Walijua pia kuchanja ndui na kutengeneza nyuzi za shaba.

Lakini mgeni hakurudi kwao. Alijenga Bunkeya, akawa mwami, akaacha kumheshimu hata Kazembe aliyemfungulia njia. Shaba, chumvi, pembe za tembo na, tusifiche, watumwa, vilipelekwa Benguela kwenye Bahari ya Atlantiki na pwani ya mashariki. Zilirudi bunduki na baruti. Alioa wake wengi mno, na kwa ndoa hizo aliwafunga machifu kwake.

Halafu wakaja Wazungu. Mwaka 1886 alimpokea mmisionari Arnot, akamruhusu kukaa. Mwaka 1890 Alfred Sharpe alileta mkataba kwa niaba ya kampuni ya Cecil Rhodes. M'siri alikataa kuutia sahihi. Tunaona hapo alikuwa na akili kuliko wengi wa wakati wake. Ila nyumbani mambo yalikuwa yameharibika: mwaka 1891 Basanga waliasi, na njaa ikaingia Bunkeya.

Ndivyo Kapiteni Stairs alivyomkuta tarehe 14 Desemba 1891, akija kwa faida ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. M'siri alikataa bendera yake. Tarehe 20 Desemba Kapiteni Bodson alimpiga risasi, na Bodson naye akapigwa papo hapo na mtu wa mwami, akafa. Mwili wa M'siri ulikatwa kichwa.

Mwanawe Mukanda-Bantu alirithi kiti, sasa chini ya bendera ile ile. Basanga walidhani wamepumzika. Baada ya miaka michache walikuwa wakipigana na askari wa Leopold, na Bayeke walikuwa upande wa askari hao.