William Stanley: Mtu aliyeifanya transfoma kuwa chombo cha biashara

WENGI wanalijua jina la Stanley kutokana na chupa ya chai ya chuma. Ni wachache wanaojua kuwa mwenye jina hilo, Mmarekani William Stanley, ndiye pia aliyesaidia umeme kutoka mtamboni na kufika dukani, kwenye mashine ya kusaga na kwenye pampu ya maji iliyo mbali.

Stanley alizaliwa Brooklyn, New York, Novemba 1858. Baba yake alikuwa mwanasheria na alitaka mwanawe afuate nyayo zake. Kijana aliingia Chuo cha Yale, lakini hakukaa. Aliacha masomo akaenda kutafuta kazi za ufundi, na baadaye akawa msaidizi wa mvumbuzi Hiram Maxim katika kampuni ya taa za umeme. Mwaka 1884 alijiunga na tajiri wa viwanda George Westinghouse.

Wakati huo umeme wa Thomas Edison ulikuwa na tatizo kubwa. Ulisafiri kwa volti ndogo, hivyo nguvu nyingi ilipotea njiani kama joto la waya. Mteja aliyekuwa zaidi ya kilometa moja na nusu kutoka mtamboni hakuweza kuhudumiwa kwa faida. Dawa ilikuwa kupandisha volti wakati wa kusafirisha, kisha kuishusha karibu na mteja. Kazi hiyo ndiyo ya transfoma.

Stanley hakuwa wa kwanza kulifikiria jambo hilo. Mfaransa Lucien Gaulard na Mwingereza John Gibbs walikuwa wamemtangulia, na mwaka 1885 wahandisi watatu wa Budapest walitengeneza transfoma nzuri. Yeye aliunda transfoma iliyo rahisi kutengeneza kiwandani, na akaziunganisha kwa namna ambayo mteja mmoja akizima taa, jirani yake haathiriki.

Afya yake ilipozorota, alihamia mji mdogo wa Great Barrington, Massachusetts. Huko alifunga mtambo wake katika kiwanda cha mpira kilichokuwa kimeachwa. Machi 20, 1886, umeme wa volti 500 ulisafiri zaidi ya kilometa 1 hadi barabara kuu ya mji, ukashushwa hadi volti 100, na maduka na ofisi zikawaka taa. Kabla mwaka haujaisha, Westinghouse alikuwa ameanza biashara ya umeme wa aina hiyo mjini Buffalo.

Kadiri volti zilivyopanda, ndivyo hatari ya cheche ndani ya transfoma ilivyoongezeka. Watengenezaji wakajifunza kuzifunga nyaya kwa karatasi na kuzizamisha katika mafuta. Karatasi hunyonya mafuta na kuziba nafasi za hewa. Mafuta nayo hutoa joto nje.

Udhaifu upo pale karatasi inapokutana na mafuta. Chaji za umeme huweza kujikusanya juu ya uso wa karatasi. Karatasi ikiwa kavu na mafuta yakiwa safi, hazina madhara makubwa. Unyevu au uchafu ukiingia, chaji hutambaa juu ya karatasi na kuacha alama za kuungua mfano wa matawi ya mti. Alama hizo zikiunganika, transfoma huweza kulipuka. Ndiyo sababu transfoma inayovuja au iliyoibwa mafuta haidumu. Nyaya hupata joto kupita kiasi, karatasi huungua, na eneo zima hukaa gizani.

Mwaka 1890 Stanley na wenzake walifungua kiwanda chao cha vifaa vya umeme mjini Pittsfield. Kilikua haraka, na mwaka 1903 kikaangukia mikononi mwa kampuni ya General Electric. Mwaka 1913 Stanley alibuni chupa ya chuma ya kutunza joto. Alifariki Great Barrington, Mei 14, 1916, akiwa na miaka 57, akiacha hataza 129.

Kiwanda cha Pittsfield kiliendelea bila yeye, na hapo kuna somo lingine. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1977 General Electric ilitumia huko kemikali ziitwazo PCB katika transfoma, kwa kuwa hazishiki moto kwa urahisi. Kemikali hizo ziliingia kwenye udongo na Mto Housatonic, unaopita hata Great Barrington. Wakazi wameonywa wasile samaki wa mto huo, maana PCB huhusishwa na saratani na haziozi upesi.

Transfoma za zamani katika nchi nyingi huweza kuwa na PCB, na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 ulizitaka nchi wanachama kuacha kutumia vifaa hivyo ifikapo mwaka 2025. Nchini Kenya iliwahi kuripotiwa kuwa mafuta ya transfoma yaliibwa na kuuzwa kwa wakaanga chakula. Mafuta hayo si ya chipsi, si ya kupaka kidonda wala si ya kulainisha mnyororo wa baiskeli. Mfanyabiashara anayeuziwa mafuta ya bei ya chini isiyoeleweka ana haki ya kuuliza yametoka wapi. Na mkulima anayeona transfoma inadondosha mafuta asisogee karibu. Atoe taarifa mapema kwa shirika la umeme, kabla pampu na mashine za kijiji kizima hazijanyamaza.